Naomba ushauri: Czerniaków nimfundisheje darasani?

Wakuu habari zenu, nafundisha historia sekondari na kuna mada imenikaba. Warsaw, Poland, 1942 chini ya Wanazi, Adam Czerniaków ndo alikuwa mwenyekiti wa baraza la Wayahudi ndani ya geto (mtaa waliofungiwa Wayahudi), baraza lenyewe limewekwa na Wajerumani. Tarehe 22 Julai wakaanza kudai watu 6,000 kila siku wapakiwe kwenye treni, yeye akahangaika angalau watoto yatima waachwe, wapi, kesho yake akajiua. Sasa darasani nusu wanasema kagoma kushika kalamu ya kuua watoto, wengine wanasema kawaacha watu gizani, si angewaambia kwanza (treni zilikuwa za Treblinka, kambi ya mauaji), na hata mule geto wapo waliomlaumu hivyohivyo. Dogo mmoja akaleta Rumkowski, mwenyekiti wa baraza kama hilo kwenye geto la Łódź, yule Septemba mwaka huohuo alisimama mbele ya wazazi akawaomba watoe watoto wao ili wengine wapone, na 1944 na yeye akapelekwa Auschwitz, kambi nyingine ya mauaji. Nikabaki kimya. Kibaya zaidi kuna mwanafunzi wangu baba yake alijiua mwaka jana, sitaki neno shujaa limwingie vibaya. Walimu wenzangu mnalishikaje hili?