Mnaofanyia kazi nyumbani, mnakosa nini cha ofisini? Tupeane uzoefu

Wakuu, huu mwaka wa nne nafanyia kazi nyumbani. Foleni siikumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni printa. Ya ofisini kwetu ilikuwa inakwama karatasi kila siku, na ikikwama mnajikuta watatu mmeinama, mmoja anavuta karatasi, mwingine anatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, umbea wote uko hapo. Ndipo niliposikia kuwa idara ya jirani wanatafuta mtu. Nikaomba, nikapata. Leo habari kama hiyo ningeisikia wapi? Leteni zenu.

Bundi: Mimi ni mwisho wa kikao. Ofisini kikao kikiisha ndio maongezi yanaanza, mnatoka huku mnaulizana "hivi bosi pale alimaanisha nini?" Kwenye video, haya kwaherini, nyuso zinapotea moja moja, unabaki unajitazama mwenyewe, tabasamu bado halijashuka. Juzi nilikuwa na utani wa kumpa mwenzangu. Kumpigia mtu kwa ajili ya utani tu nikaona aibu, nikaumeza.

Mzee wa Takwimu: Si hisia tu. Microsoft walichunguza wafanyakazi wao 61,182 wa Marekani kwa nusu ya kwanza ya 2020, matokeo yakatoka 2021. Watu walipohamia nyumbani walizidi kujifungia na walewale wa kundi lao, mawasiliano ya idara na idara yakapungua. Ndiyo printa ya mleta mada hiyo.

Mama Wawili: Jamani, wengine tumepumua. Kulikuwa na mmoja akishaegemea meza yangu, nusu saa imekwenda. Huyo simkumbuki ng'o! Ila mlinzi wa getini... kila asubuhi lazima anitanie kuhusu mwavuli wangu. Jina sikuwahi kumuuliza. Nina namba za wakubwa wote, yake sina.

Bundi: Sisi tuliwekewa kikao cha kupiga soga, kila Ijumaa saa kumi. Soga ya kuitiwa kwenye kalenda! Tunakodoleana macho, kila mtu anasubiri mwenzake aanze. Wiki ya tatu hakuna aliyeingia.

Mleta mada: Mimi na mwenzangu mmoja tunaacha simu wazi, kila mtu na kazi yake, hakuna kuongea. Jana nikasikia kishindo. Vipi? Kiti kimevunjika. Tumeongea kiti dakika ishirini.