Bondia asiyeanguka naye anaumia: refa asingoje mpaka alale

Wadau wa ngumi, naleta hoja. Pambano likisimamishwa bondia akiwa bado wima, ukumbi mzima unazomea: refa kaharibu, jamaa ana kidevu cha chuma, yaani anahimili makonde bila kuanguka, angemwacha amalize. Mimi nasema refa huyo mara nyingi yuko sahihi, na sababu imo humohumo kwenye kidevu tunachokisifia.

Kwanza, mtu anazimishwa na nini? Konde la taya huzungusha kichwa ghafla. Ubongo umo ndani ya fuvu, umezungukwa na maji yake, hivyo haugeuki sawia na mfupa. Unavutika, unajipinda, na kwa muda mfupi fahamu inakatika. Miguu inalegea kabla mtu hajajua kapigwa. Ndiyo maana ngumi ya pembeni iliyotua kwenye ncha ya kidevu huangusha watu ambao wangeivumilia hiyohiyo ikitua kwenye paji la uso.

Sasa nani haanguki? Kwanza kabisa ni yule anayeliona konde linakuja. Hapo natofautiana na wanaosema kidevu ni cha kuzaliwa tu. Ukiliona, shingo inakaza, meno yanabana, kidevu kinashuka, kichwa kinafuata mkondo wa ngumi na makali yanapungua. Mtazameni Mmarekani Marvin Hagler na Mganda John Mugabi, Las Vegas, Machi 1986. Mugabi alikuwa hajapoteza pambano, na kila ushindi wake ulikuwa wa KO, yaani hakuna mpinzani aliyemaliza raundi zote. Alimshushia Hagler ngumi nzito raundi kwa raundi. Hagler akabaki wima, akammaliza raundi ya 11. Katika mapambano 67, Hagler aliangushwa na kuhesabiwa na refa mara moja tu, mbele ya Juan Roldán mwaka 1984, na mpaka mwisho alishikilia kwamba aliteleza. Shingo yake ilikuwa nene, ni kweli, lakini angalieni macho yake: hayamwachi mpinzani.

Sikatai kwamba kuna cha kuzaliwa nacho. George Chuvalo wa Kanada alipigana mara 93 na hakuna aliyemwangusha, wala Muhammad Ali aliyekutana naye mara mbili, wala Joe Frazier, wala George Foreman, wote mabingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kocha hawezi kumfundisha kijana kuwa Chuvalo. Ila Frazier na Foreman wote walimshinda kabla ya muda, kwa pambano kusimamishwa, na sijasikia mtu wa maana akisema wangemwacha aendelee.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, nami naiheshimu. Mei 2005 Diego Corrales aliangushwa mara mbili na José Luis Castillo katika raundi ya 10, akainuka, na katika raundi hiyohiyo akashinda kwa TKO, yaani refa alisimamisha pambano. Refa angekuwa na haraka, tungeikosa moja ya raundi kubwa kabisa za ngumi. Na bondia anaishi kwa mkanda na malipo. Kumsimamisha ni kumkatia riziki.

Nakubali. Lakini Corrales alikuwa anajibu. Alikuwa bado anaona. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea: tuache kuuliza kama kaanguka, tuulize kama bado anayaona makonde. Kichwa kikianza kupokea ngumi bila kukwepa wala kufuata mkondo, shingo haikazi tena kwa wakati, na ule ugumu uliomlinda unageuka kuwa kitu kinachomshikilia wima ili apigwe zaidi. Aliyeanguka raundi ya pili huenda nyumbani na ngumi chache kichwani. Asiyeanguka hubeba za raundi zote.

Ali tunamwimba kwa Kinshasa, 30 Oktoba 1974, alivyoegemea kamba, akamchosha Foreman na kumlaza raundi ya 8. Tunasahau Oktoba 1980 mbele ya Larry Holmes: raundi 10, hakuanguka, hakuweza kujibu, mpaka kocha wake Angelo Dundee akasimamisha pambano kutoka kona. Mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo. Ni kiasi gani cha ugonjwa ule kilitokana na ngumi, madaktari wamebishana. Mimi siwezi kuzitazama raundi zile nikaziita ushujaa tu.

Na kuna wetu. Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, alisimamishwa raundi ya 9 huko Las Vegas, Julai 1994. Alikuwa kwa miguu yake, na alilalamika kwamba pambano limekatishwa. Baadaye akapoteza fahamu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hakuamka tena. Kwa hiyo hata neno la bondia mwenyewe, “niko sawa,” halitoshi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki naona kazi iko kona, kwa kocha na wasaidizi wake, zaidi kuliko kwa refa. Kocha ndiye anayemjua kijana wake alivyo akiwa mzima. Ndiye anayejua kama alikaushwa maji ili afikie uzito, kama alizimishwa mazoezini mwezi uliopita na hakuna aliyesema. Taulo, linalorushwa ulingoni kuomba pambano lisimamishwe, liwe mkononi mwake, si ndani ya begi.

Makocha mlioko humu, nawauliza bila lawama: mnatazama nini hasa kabla ya kulirusha? Na mliowahi kusita, kilichowazuia ni bondia, promota au kelele za ukumbi?