Naomba ushauri: kiatu cha kushoto hakichomoki kwenye pedali za baiskeli za SPD

Habari zenu wakuu. Pedali ni SPD (za Shimano, zinazonasa kiatu), viatu vya bolti mbili, kliti (kile chuma cha chini ya soli kinachong'ata pedali) ni SH51, zile za kuzungusha kisigino nje ndipo ziachie. Springi ya pedali inayobana kliti nimelegeza karibu mwisho kwa alenki namba 3, pande zote mbili za pedali. Kulia kunatoka bila shida.

Kushoto kisigino kinazunguka, kliti inabaki imeng'ata. Soli ina mkwaruzo wa nusu duara, kwa hiyo nahisi bolti zimelegea na kiatu kinazunguka juu ya kliti. Kwenye taa za barabarani hapo ni kuangukia magari.

Nitie grisi kwenye nyuzi za bolti na kukaza Nm 5–6 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa alenki namba 4, au nihamie kliti za SH56 zinazoachia pande nyingi? Na nikiwa nimenasa, nalitoaje guu?