Tupeane uzoefu: waliofanya leza ya macho ili waachane na miwani (Arusha na Moshi)

Dereva wa Njiro: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva mwongoza watalii. Miwani nimeanza kuvaa darasa la sita, sasa namba ya miwani ni kulia minasi 5, kushoto minasi 4.75, yaani vya mbali sivioni vizuri. Kiangazi Tarangire ni vumbi tupu, nafuta miwani kwa shati mpaka vioo vimekwaruzika. Nataka leza. Matangazo nimeyaona ya kutosha, nawataka waliolala kwenye kitanda kile wenyewe. Na waliokataliwa pia.

Mama wa Sakina: Mdogo wangu, mimi nilifanyia Nairobi, tukavukia Namanga. Safari ya kwanza walinirudisha kwa kuwa nilikuwa nanyonyesha, namba huwa haijatulia. Nilirudi baada ya kumwachisha mtoto ziwa.

Operesheni yenyewe haina hadithi ndefu. Unatiwa matone ya ganzi, kope zinashikiliwa usifumbe, kisha pete inabana jicho na dunia inazima kidogo. Hapo nilimkumbuka marehemu bibi! Wanakata utando mwembamba wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, wanaufunua kama kifuniko, leza inachonga chini yake, wanaurudisha bila uzi. Utasikia harufu ya nywele zilizoungua, usishtuke. Kesho yake nilisoma bango la duka lililo ng'ambo ya barabara.

Kilichonitesa ni ukavu. Kifuniko kikikatwa, vijineva vya konea navyo vinakatika, jicho linasahau kutoa machozi mpaka viote tena. Miezi minne natembea na kichupa cha machozi ya bandia kwenye pochi. Na usiku taa za magari zilikuwa na duara kama mwezi wa mvua. Wewe dereva, hilo ulipigie hesabu.

Kijana wa Pasua: Mimi ndiye niliyekataliwa. Sehemu ya kwanza, jina silitaji, walinisomesha herufi ukutani, wakaniandikia miwani na kuniomba malipo ya awali. Basi. Sehemu ya pili wakapiga ramani ya konea, daktari akanyamaza muda mrefu. Konea yangu imechongoka mbele, wanaita keratokonasi. Leza inapunguza unene wa konea, na yangu tayari ni dhaifu, ingezidi kufutuka na kuona kungeharibika zaidi. Toka utotoni nina alejia ya macho, nikisikia muwasho nasugua kama nafua jinzi. Akasema kusugua huko kumechangia. Badala ya leza nilitiwa matone ya vitamini B2 na kumulikwa mwanga maalumu ili konea ikaze, na sasa navaa lenzi ngumu, zile za kuweka juu ya jicho lenyewe. Miwani ninayo bado, ila nashukuru yule wa kwanza hakuniwahi.

Gaidi wa Marangu: (Gaidi wa mlima jamani, msiniitie polisi.) Konea yangu ni nyembamba kiasi, wakanifanyia PRK, aina nyingine ya leza. Hawakati kifuniko, wanakwangua ngozi ya juu tu halafu leza. Siku tatu nililia kama nimepakwa pilipili, na kuona vizuri kulichukua wiki kadhaa. Lakini hakuna kifuniko cha kuhama ukipigwa tawi usoni.

Wateja huniuliza kama macho ya leza yanahimili kimo cha mlima, kwa sababu ya yule daktari Mmarekani, Beck Weathers, aliyepoteza kuona akiwa Everest mwaka 1996. Yeye alifanyiwa upasuaji wa zamani wa kuchanja konea kwa kisu, ule ndio unaoyumba hewa ikiwa nyembamba. Mimi nimefika Uhuru, mita 5,895, mara mbili tangu leza. Macho yalikauka tu.

Mwalimu wa Rau: Mkuu, una miaka mingapi? Mimi nilifanya na 44. Mbali naona hadi theluji ya Kibo, madaftari ya wanafunzi bado nayasahihisha kwa miwani ya kusomea. Uzee wa jicho leza haiugusi.

Dereva wa Njiro: Nina 31, mwalimu. Kwa hiyo kipimo cha ramani kwanza, hela baadaye. Jumapili huwa navaa lenzi laini, ina shida?

Mama wa Sakina: Vua. Zinabana konea, vipimo vinadanganya. Mimi niliambiwa wiki mbili kabla ya kupimwa, wenye lenzi ngumu zaidi ya hapo.

Dereva wa Njiro: Nimevua leo, dada. Ila Pasua umenitia baridi, maana hata sasa nilikuwa nasugua.