Taaluma za jamii zinazochanganya masomo: Wesleyan, Bard au Swarthmore?

Binti wa Chumbageni

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HGE (historia, jiografia na uchumi) na ninajiandaa kuomba nafasi katika vyuo vya sanaa huria vya Marekani. Ombi la mapema, lile ambalo ukikubaliwa unafungwa kwenda, hutumwa kwa chuo kimoja tu, na mimi nimebaki na vitatu: Wesleyan kwa sababu ya College of Social Studies, Bard kwa sababu ya kitengo chake cha taaluma za jamii, na Swarthmore kwa sababu ya programu ya Honors. Vyote vinasifiwa kwa kukutanisha historia, uchumi na siasa. Shuleni kwetu mwalimu wa historia na wa uchumi walikaa ofisi moja, lakini darasani sikumsikia hata siku moja mmoja akimtaja mwenzake. Ndiyo maana naomba mnieleze masomo hayo hukutanishwa wapi na kwa namna gani, kwa kuwa sitaki kuvuka bahari kwenda kukaa tena katikati ya masomo yasiyosalimiana.

Mkaazi wa Connecticut

Marahaba, mdogo wangu. Nilipita katika programu hiyo ya Wesleyan, kwa hiyo nitaisemea hiyo peke yake. Ilianzishwa mwaka 1959. Unaiomba ukiwa mwaka wa kwanza na kuingia mwaka wa pili, na mwaka huo wa pili ndio wenye kazi. Hugawanywa katika vipindi vitatu, kila kipindi kikiwa na darasa dogo la fani moja, yaani historia, uchumi au siasa, na kando yake kuna semina ya nadharia za jamii ambamo mnawasoma akina Marx, Weber na Durkheim. Kila wiki unaandika insha na kuitetea mbele ya wenzako wachache walioisoma. Mwaka huo hutolewi alama za herufi. Mwalimu anakuandikia tathmini kwa maneno. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa yote mliyosoma, na wanaokutahini ni wageni kutoka nje ya chuo.

Nikupe mfano mmoja ambao wewe wa Tanga utauelewa haraka. Katika insha moja ya historia niliandika kwamba "bei ya mkonge ilianguka" miaka ya sitini, nikaendelea na habari nyingine. Insha ikarudi na mstari wa penseli chini ya neno "ilianguka", na pembeni maneno matatu: nani alikuwa akinunua? Nilirudi maktaba usiku ule, na jibu likanipeleka kwenye viwanda vya nyuzi za sintetiki, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma kwenye uchumi wiki chache kabla bila kuliona kuwa lile lile. Kwangu mimi masomo yalianza kukutana pale, kwenye ukingo wa karatasi.

Mwalimu wa HGE

Nimefurahi mkonge umetajwa, kwa sababu ni kipimo kizuri cha vyuo hivi vitatu. Mmea huo uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 kwa mwaka. Miaka mitatu baadaye serikali ikataifisha mashamba mengi. Mwalimu wa jiografia atafundisha udongo na mvua, wa historia atafundisha manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashambani, wa uchumi bei ya dunia, na wa uraia Azimio la Arusha. Mwanafunzi anatoka na vipande vinne mkononi na anapata alama nzuri kwa kila kimoja. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nami nimefundisha hivyo kwa miaka mingi. Swali la kumwuliza kila mkuu wa programu ni moja: je, kuna siku mwanafunzi wenu atalazimika kuviweka vipande vyote vinne katika insha moja, na nani ataisoma?

Niliyesoma Annandale

Kwa Bard, jibu ni kwamba siku hiyo ipo, ila unaipanga mwenyewe. Kitengo cha taaluma za jamii ni mwamvuli wa kiutawala: chini yake kuna historia, anthropolojia, uchumi, siasa na nyinginezo, na mwanafunzi ndiye anayechagua avichanganye vipi. Kabla ya muhula wa kwanza kuna majuma ya kusoma na kuandika kwa pamoja, utaratibu ulioanza mwaka 1981. Mwaka wa pili unakutana na Moderation, ambapo unaandika maelezo ya ulichosoma na unakokwenda, kisha unakaa na walimu watatu wanaokuhoji. Mwaka wa mwisho wote kuna kazi moja kubwa ya utafiti. Mtu mwenye swali lake tangu nyumbani atapata mwaka mzima wa kulishughulikia swali la mkonge. Asiye na swali anaweza kuzunguka miaka miwili akionja onja, na nimewaona wa namna hiyo.

Msomaji wa Nairobi

Swarthmore nitaieleza kwa ufupi, kwa maana naona wengi huielewa vibaya. Honors ilianzishwa mwaka 1922 na Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, na nguvu yake iko kwenye semina ndogo za saa kadhaa na watahini wa nje mwishoni mwa mwaka wa nne. Lakini unatahiniwa zaidi katika fani yako kuu, na kwa sehemu ndogo katika fani ndogo. Ni njia ya kuzama katika fani. Binti akiomba huko kwa kutafuta mchanganyiko, atapata elimu bora sana ya kitu kingine.

Babu wa Mlimani

Wajukuu, sisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulisoma DS, yaani taaluma za maendeleo, kwa lazima, hata wenzetu wa sayansi, na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ilipoanza mwaka 1973 nia yake ilikuwa hii hii mnayoizungumza: kuitazama jamii nzima bila kuikatakata. Nia ilikuwa njema na ninaiheshimu mpaka leo. Ila ukumbi ukishajaa mamia ya watu, anayeunganisha masomo ni mhadhiri, nawe unanakili muunganiko wake. Kwa hiyo mjukuu wangu, usisome jina la kozi. Uliza darasa lina watu wangapi na insha ni ngapi kwa muhula.

Mama Mlezi

Mimi nauliza la mzazi. Mwaka mzima bila alama za herufi hautamkwamisha akitaka kusoma sheria baadaye? Na fedha je?

Mkaazi wa Connecticut

Shikamoo mama. Alama za kawaida zinakuwepo mwaka wa kwanza, wa tatu na wa nne, na tathmini za maandishi za mwaka wa pili zinaeleza mengi kuliko herufi. Kuhusu fedha, ombi la mapema lisitumwe kabla ya kupiga hesabu pamoja nyumbani. Ufadhili ukitoka pungufu kwa kweli, mwombaji anaweza kuomba afunguliwe, lakini ni heri kulijua hilo mapema. Jambo jingine: programu hii inadai uchumi wa utangulizi, kwa hiyo usiuahirishe mwaka wa kwanza.

Binti wa Chumbageni

Ahsanteni sana. Babu amenipa swali la kuuliza, na Mwalimu amenipa kipimo. Kwa vyote viwili nimeamua kuomba Wesleyan, maana najijua kuwa nahitaji mtu wa kunidai insha kila wiki.

Babu mzaa mama alikuwa manamba upande wa Muheza. Bibi bado ana kipande chake, ile kadi ya viboksi 30 iliyotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na viboksi vitano vya mwisho viko vitupu. Sijawahi kujua kwa nini. Nimemwomba Bibi niende nacho, akasema nikipige picha, kadi yenyewe haitoki nyumbani.