Kuongea na ofisi kwa hendsfrii huku naendesha, Uingereza inaruhusiwa kweli?

BintiTanga:
Habari za usiku wakuu, naomba msaada kwa mlioko Uingereza hasa mnaofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Niko huku Midlands, test ya kuendesha nimepita majuzi tu maana leseni ya Bongo wanakuachia miezi 12 baada ya hapo lazima ufanye test yao. Sasa kazi yenyewe ni kutoka kwa mzee huyu kwenda kwa yule, siku nzima uko barabarani, na ofisi wanapiga simu muda wote, mara fulani kaghairi, mara anza kwa bibi wa mtaa wa pili hajala, mara mbona hujafika. Usipopokea inakuwa kesi. Simu naiweka kwenye holda pembeni ya usukani nawasha spika, lakini kuna mwenzetu kakamatwa kwenye taa nyekundu, gari imesimama kabisa, simu iko mkononi anaangalia ratiba tu, na sasa hivi hana leseni. Nauliza, hendsfrii inaruhusiwa au nami nasubiri zamu yangu? Na kugusa skrini ili kupokea, ni kosa? Nina watu wananitegemea nyumbani, leseni ndio kazi yenyewe.

dereva_mkongwe:
Hongera kwa test dada, hiyo kitu si ndogo. Jibu fupi: hendsfrii inaruhusiwa, kosa ni KUSHIKA. Kushika simu kumekatazwa huku tangu Desemba 2003 na tangu Machi 2017 adhabu ni pauni 200 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Na usidanganyike na gari kusimama, kwenye taa au kwenye foleni bado unahesabika unaendesha, hata kama injini imejizima yenyewe kama gari za siku hizi. Zamani kulikuwa na mwanya, kuna jamaa anaitwa Ramsey Barreto alikamatwa akirekodi ajali kwa simu huku anaendesha, kesi ikafika High Court 2019 majaji wakasema sheria ile ilihusu mawasiliano tu, kurekodi hakumo, akashinda. Basi wakaibadilisha, tangu tarehe 25 Machi 2022 ukishika kwa lolote lile, kupiga picha, kutafuta wimbo, kuangalia ratiba kama huyo mwenzenu, imekula kwako. Kilichobaki ni kupiga 999 kwa dharura ya kweli ambapo kusimama ni hatari, na kulipa kwa simu ukiwa umesimama pale dirishani unaponunua chakula bila kushuka kwenye gari.

Kugusa skrini ikiwa kwenye holda sio kosa la kushika, ila trafiki akiona hauko makini na gari anaweza kukuandikia kosa jingine la kutokuwa na udhibiti wa gari, hilo nalo lina pointi 3. Na holda isizibe kioo cha mbele, iweke chini.

Sasa sikiliza hili maana linakuhusu wewe: miaka 2 ya kwanza baada ya test, ukifikisha pointi 6 leseni inafutwa, unaanza upya na leseni ya mwanafunzi, theory na barabarani, vyote. Kwa hiyo sisi wa zamani simu mkononi tunalia na pauni 200, wewe unalia na kazi.

Mkisauni:
Hayo ya sheria dereva_mkongwe kayamaliza, lakini dadangu mie nataka kukwambia kitu kingine maana naona watu wote wajadili mkono tu na akili hakuna aitajae. Kuna utafiti wa Toronto wa 1997, madereva 699 waliopata ajali na wana simu, walikuta hatari ya kugonga ni kama mara 4 ukiwa unaongea na simu, na hawa wa hendsfrii hawakuonekana kuwa salama zaidi. Halafu wale wa chuo kikuu cha Utah waliwaweka watu kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji na kifaa cha kufuata macho, dereva anaongea kwa hendsfrii, macho yamelitazama bango la barabarani kabisa, ukimuuliza baadae bango lile lasema nini mara nyingi hajui hata kama lilikuwepo. Yaani jicho laona na kichwa hakiko pale! Ikiwa bango lampita, na mtoto aliyekimbilia mpira je?

Watu husema mbona kuongea na abiria hakuna neno. Abiria aiona barabara, lori likiwakata mbele kwenye kipilefti anyamaza mwenyewe, pengine hata apiga kelele angalia! Yule wa ofisini haoni kitu, aendelea tu na maswali yake, na ni maswali yanayotaka ufikiri, utafika saa ngapi, dawa ya babu ulimpa, funguo umeacha wapi. Simu kama hiyo si sawa na kusikiliza redio.

BintiTanga:
Asanteni sana, hiyo ya miaka 2 hakuna aliyeniambia, hata mwalimu wa kuendesha sikumsikia akiisema. @Mkisauni ni kweli kabisa wanauliza hivyo hivyo. Ila mkiniambia nisipokee nitaongeaje na meneja? Halafu swali lingine, navaa ushungi, kuna dada huku anachomeka simu ndani ya ushungi karibu na sikio anaongea, hiyo nayo vipi?

Mama_Nuru_MN:
Niko Minnesota, Marekani, huku kina mama wengi wa Kisomali na wa kwetu wanachomeka kwenye hijabu. Sheria ya hendsfrii hapa ilianza Agosti 1, 2019 na serikali ilifafanua kabisa kuwa inaruhusiwa ilimradi simu imekaa imara huigusi na haizibi macho. Lakini hiyo ni ya hapa, usiibebe ukaenda nayo kwa trafiki wa Uingereza. Simu ikichoropoka kwenye kona mkono utaikimbilia wenyewe. Wewe baki na holda au Bluetooth ya gari.

dereva_mkongwe:
Hapo kwa meneja ndio nilitaka urudi. Sheria ya huku inamgusa pia anayesababisha au kuruhusu mtu atumie simu mkononi akiendesha, kwa hiyo ofisi nayo ina cha kupoteza. Mwandikie meseji au barua pepe, sio kwa mdomo, kwa upole tu, mwambie mabadiliko ya ratiba utayasoma ukishapaki na utajibu kabla ya kuingia kwa mteja anayefuata, na muulize sera yao ya simu barabarani inasemaje. Makampuni mengi wanayo ila imelala kwenye kabati. Kisha kwenye simu yako washa ile hali ya kuendesha, inamjibu mtu yenyewe kuwa uko barabarani, na unaweza kuruhusu namba ya shule ya watoto tu ipite. Ramani iwashe kabla hujatoa handbreki. Wakipiga ikabidi kabisa uongee, tafuta pa kupaki, zima injini, ndio uwapigie.

Na huyo mwenzenu mwambie aombe leseni ya mwanafunzi mapema, foleni ya kupata tarehe ya test ni ndefu mno.