Wauza flashi mnatupiga: albamu ya kumlilia mpiga dramu, matoazi mmeyaua!

Wakuu, salamu baadaye.

Hizi flashi zinazouzwa Kariakoo na kwenye vibanda vya kurushia nyimbo, zimeandikwa "Foo Fighters mpya, 320 kali", ni danganya toto. Foo Fighters ni bendi ya roki ya Marekani, na 320 ni kilobiti kwa sekunde, yaani kiwango cha juu cha ubora wa MP3.

Albamu yenyewe, But Here We Are, ilitoka Juni 2, 2023, nyimbo 10, dakika 48 hivi. Anayeliliwa ni Taylor Hawkins, aliyekalia kiti cha dramu cha bendi hii tangu 1997 hadi alipofia Bogotá, Kolombia, Machi 25, 2022. Humu studio kiti hicho kakikalia Dave Grohl mwenyewe, kiongozi na mwimbaji wa bendi, dramu zote, yule yule aliyekuwa akizipiga kwenye bendi ya Nirvana. (Na mnaoandika "dramu: Josh Freese" acheni ukanjanja. Freese ni mpiga dramu aliyetangazwa Mei 2023 kwa ajili ya jukwaani, kwenye albamu hayumo.) Kwa hiyo ukiharibu dramu za albamu hii, unamuuzia mtu nini?

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Mtu ananyofoa sauti kwenye video ya intaneti, sauti ambayo tayari imebanwa ili faili liwe dogo, kwa kilobiti 128 kwa sekunde au karibu na hapo. Anaipeleka kwenye tovuti ya kugeuza, anachagua 320, linatoka faili nene. Unene huo ni wa maji, kama chai ya maziwa iliyoongezwa maji ili ijaze kikombe kikubwa. Kilichofyekwa mara ya kwanza hakirudi, na kubana mara ya pili kunafyeka tena.

Kinachofyekwa sasa. Kubana kwa 128 mara nyingi hukata kila kilicho juu ya kilohezi 16 hivi (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Uzito wa sauti ya mwimbaji hauko huko, wala wa gitaa la besi. Mng'ao wa matoazi ndio uko huko. Hata chini ya mpaka huo matoazi hayako salama, kwa sababu mlio wake hauna noti moja ya kushika, ni mchafuko wa masafa mengi kwa wakati mmoja, na mchafuko unakula biti nyingi kuliko kitu kingine chochote. Biti zikipungua, toazi linaacha kulia "tsiii" linaanza kuchemka kama mafuta yaliyodondokewa maji.

Kuna na hili ambalo wengi hawalijui. MP3 hukata sauti vipande vipande vya milisekunde 26 hivi. Fimbo ikitua katikati ya kipande, makosa ya kubana yanasambaa kipande kizima, pamoja na sehemu ya kabla ya fimbo kutua. Programu ya kubana hujitahidi kutumia vipande vifupi zaidi hapo, lakini biti zikiwa haba haifui dafu. Ndiyo maana pigo linatanguliwa na vumbi fulani, na ukali wa Grohl unageuka kuwa mtu anayepiga mto wa sufi.

Halafu kuna mabingwa wa "kuongeza besi". Jamani, albamu za roki za siku hizi zinatoka kiwandani vilele vya mawimbi yake ya sauti vikiwa vimeshagusa dari, yaani ukomo wa faili. Ukipandisha besi desibeli 6 vinakwenda wapi? Vinakatwa vichwa. Ngoma kubwa ya mguuni inatoa "pwa" badala ya "du", na kila inapolia inameza sauti ya mwimbaji. Anayetaka besi ana kitufe chake kwenye redio, mwacheni azungushe mwenyewe.

Lakini kinachochefua kuliko vyote ni kuweka sauti ya DJ juu ya wimbo. Rest, wimbo wa 10, unaanza kwa unyonge, gitaa na sauti kama mtu anaimba chumbani peke yake, halafu baadaye unalipuka. Hapo kwenye unyonge ndipo mmeona pa kubandika "exclusive" na namba ya simu ya kibanda! Msibani hapo, mkuu.

Mpangilio nao ni vurugu. Faili zisizo na namba hupangwa kwa alfabeti. Matokeo yake Beyond Me inafungua, Rest inaangukia ya 6, na Under You, ambayo ni ya 2, ndiyo inayofunga. The Teacher, ya 9, inahusu mama yake Grohl aliyefariki 2022 na aliyekuwa mwalimu kweli. Ile na Rest zimewekwa mwisho makusudi.

Kabla hujatoa buku zako, kagua:

Ukubwa. 320 ya kweli ni MB 2.4 kwa dakika, albamu nzima kama MB 115. Ikiwa MB 46, hiyo ni 128 na hawajajisumbua hata kudanganya.

The Teacher lazima ivuke dakika 10. Ikiishia chini ya hapo imekatwa.

Ukubwa ukiwa sawa bado usiamini. Ingiza faili kwenye Spek, ni programu ya bure ya kompyuta inayochora masafa ya sauti yaliyomo. 320 halisi inapanda hadi karibu kilohezi 20. Ukiona ukuta ulionyooka kwenye 16, mwanzo hadi mwisho wa wimbo, umepigwa.

Msiniletee hoja ya "spika za daladala ya Mbagala hazitaonyesha tofauti". Zinaonyesha. Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya bei ya chini ndiyo inayozomea zaidi matoazi yaliyochemka. Anayetaka kumaliza kesi anunue albamu kihalali, ajibanie mwenyewe mara moja tu kutoka kwenye CD au FLAC (faili la sauti lisilopoteza kitu).

NYONGEZA: Mkuu mmoja kwenye maoni anauliza mbona kaweka namba 01 hadi 10 na redio ya gari bado inaruka ovyo. Redio nyingi za gari hazisomi majina, zinafuata mpangilio ambao faili ziliingia kwenye flashi. Fomati flashi kwa FAT32 (mfumo wa kupanga faili ambao redio nyingi husoma), kisha nakili wimbo mmoja mmoja, Rescued kwanza, Rest mwisho. Ukizichagua zote na kuziburuta kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuanza na yoyote.